Kijana Mchezaji na Chuo Kidogo: Nasaha kwa Wazazi wa Ijara

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, inapofungua mlango wake wa kuchagua vyuo, huzuka katika nyumba nyingi za Masalani, Hulugho, Sangailu na Kotile, hapa kwetu Ijara, kaunti ya Garissa, mjadala ambao hauandikwi magazetini wala hauulizwi bungeni, ijapokuwa mustakabali wa vijana wengi wa kiume umefungamana nao: aende wapi kijana ambaye Mola amemjalia vipawa viwili kwa pamoja, akili ya darasani na miguu ya mpira? Shauri langu, ambalo nimelitafakari kwa muda mrefu na ambalo najua halitawaridhisha wote, ni kwamba kijana wa namna hiyo atafutiwe chuo kidogo, chuo ambacho mwalimu atamjua kwa jina lake na la babaye, na ambacho katika kikosi cha kandanda atacheza yeye mwenyewe badala ya kukaa jukwaani akiwashangilia wengine. Na kwamba ukubwa wa jina la chuo, ambao ndio aghalabu tunaoutazama kwanza, uwekwe nyuma ya mambo hayo mawili.

Wazee wetu wengi huukata mjadala huu kabla haujaanza. Kwao mpira ni mchezo wa kupitisha wakati baina ya alasiri na magharibi, na kijana akiuzungumzia kwa uzito pale yanapozungumzwa mambo ya shahada na kazi, huonekana kana kwamba ameleta upuuzi mbele ya watu wazima. Siwalaumu, kwa kuwa hofu yao ina asili. Wamewaona vijana hodari walioacha shule kwa ajili ya ahadi ya timu ya mjini, wakarudi baada ya misimu miwili mitatu na goti bovu, hawana cheti, hawana akiba, wala hawana hata vile viatu walivyoondoka navyo. Kwa upande wa pili wamo vijana wenyewe, ambao hukesha katika mabanda ya video wakitazama ligi ya Uingereza, na ambao huamini kwamba kitabu ni mzigo wa asiyejua kufunga bao. Baina ya makundi haya mawili hapana anayeuliza swali lililo jepesi kuliko yote: kwa nini kijana alazimishwe kuchagua kimoja, ilhali pako mahali anapoweza kuvipata vyote viwili?

Kwamba vyote viwili hupatikana si dhana tupu. Wanaoikumbuka kandanda ya Kenya ya miaka ya 1980 hawajamsahau Joe Masiga, mshambuliaji wa AFC Leopards na wa Harambee Stars, aliyekuwa pia daktari wa meno, taaluma aliyoisomea Chuo Kikuu cha Nairobi na ambayo ilibaki mkononi mwake baada ya zama za uwanjani kwisha. Karibu zaidi na siku zetu, Michael Olunga, katika mwaka ule wa 2015 alipokuwa akiifungia Gor Mahia mabao 19 katika ligi ambayo timu hiyo iliimaliza bila kushindwa hata mechi moja, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya. Kisha akaenda Sweden, China na Hispania, akafika Japani, ambako mwaka 2020 alifunga mabao 28 na kutangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Sisemi kwamba kila kijana wa Masalani mwenye mguu wa kushoto atakuwa Olunga. Aghalabu hatakuwa, na mzazi mwenye busara apange mambo yake kwa kuzingatia hilo. Nawataja wawili hawa kwa pamoja kwa sababu mmoja mpira ulimpa riziki na mwingine kitabu kilimpa maisha, wala hakuna kati yao aliyelazimika kukitupa kimoja ili akipate cha pili.

Ama kuhusu ukubwa na udogo wa chuo, tuanze na hesabu, kwani katika jambo hili hesabu husema kweli kuliko sifa. Timu ya kandanda ni watu kumi na mmoja. Chuo chenye wanafunzi elfu mbili kina kikosi kimoja cha wanaume, na chuo chenye makumi ya maelfu, kama Nairobi au Kenyatta, nacho kina kikosi kimoja cha wanaume; nafasi hazikuongezeka kwa kuwa umati umeongezeka. Kijana aliyekuwa nahodha wa shule yake Ijara, akiingia katika umati huo, hukuta mbele yake mamia ya waliokuwa manahodha wa shule zao, na miongoni mwao wamo waliofunzwa Kakamega High au St. Anthony's ya Kitale, shule ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikitoa wachezaji wa taifa, zenye makocha, viwanja vya nyasi na safari za mashindano ya Afrika Mashariki. Huenda akawashinda. Lakini lililo karibu zaidi na kweli ni kwamba mwaka wa kwanza atahudhuria mazoezi, mwaka wa pili atakaa benchi, na mwaka wa tatu ataacha kwenda uwanjani, si kwa uvivu, bali kwa kuwa hakuna mtu aliyegundua kwamba hakuja. Mchezaji hujengwa na dakika tisini za mechi yenyewe, na dakika hizo huzipata pale wanapomhitaji.

Hesabu hiyo hiyo hufanya kazi darasani, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kitambo, maana watu wa Kaskazini Mashariki tuna sababu ya kuujali udogo wa darasa kuliko watu wa mahali pengine. Elimu yetu ilichelewa, nayo haikuchelewa kwa mapenzi yetu. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa wakati wa vita vya shifta, mara tu baada ya uhuru, ziliendelea kutukalia mpaka mwaka 1991. Watoto waliozaliwa chini ya sheria hizo ndio wazazi wa leo, na wengi wao hawakuliona darasa la sekondari. Tulipoanza kushika kasi, yakaja mashambulizi. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa njiani na watu 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao, na kuanzia hapo walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi wakaanza kuondoka mkoani mwetu kwa makundi, kila shambulizi jipya likiwaondoa wengine, hata zikabaki shule ambazo mwalimu mmoja alifundisha hisabati, kemia na fizikia kwa vidato vyote, na nyingine ambazo kijana wa kidato cha nne aliyefahamu somo kidogo ndiye aliyewafundisha wenzake.

Kijana aliyesoma katika hali hiyo na akapata alama ya C+, ambayo ndiyo kizingiti cha kuingia chuo kikuu, amefanya kazi ambayo mwenzake wa shule ya kitaifa aliyepata B hakuifanya. Hata hivyo, ghera yake haifuti ukweli kwamba katika elimu yake yamo mapengo. Yamkini hakuwahi kuingia maabara yenye vifaa kamili. Yamkini mada nzima za hisabati alizikuta kwa mara ya kwanza katika karatasi ya mtihani. Mkalishe kijana huyo katika ukumbi wa watu mia tatu, ambako mhadhiri huingia, husema, na hutoka, na mapengo hayo yatakaa kimya mpaka siku ya matokeo. Mkalishe katika darasa la watu thelathini, na mwalimu atayaona kabla mwezi haujaisha, atamwita pembeni, atamwelekeza kwa nani aende na kitabu gani akitafute. Na ikiwa mwalimu huyo huyo ndiye anayesimamia timu ya chuo, jambo ambalo katika vyuo vidogo ni la kawaida, basi kijana hataweza kukosa kipindi cha asubuhi kisha akatokea mazoezini jioni kana kwamba hakuna lililotokea. Nidhamu ya uwanja itamfuata darasani, na staha ya darasani itamfuata uwanjani.

Chuo cha namna hiyo hakiko mbali nasi. Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha walimu, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliweza kusomea shahada katika chuo kikuu cha umma bila kuuvuka mto Tana. Halafu ikaja alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wauaji wa al-Shabaab walipoingia wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa wakiamka mabwenini. Waliosalimika walihamishiwa Eldoret, milango ikafungwa, na wako waliosema kwamba haitafunguliwa tena. Ilifunguliwa Januari 2016, na mwezi wa Oktoba 2017 chuo kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Najua kwamba kwa baadhi ya wazazi, wa huku na wa bara, jina la Garissa lingali jina la siku ile, nami sina haki ya kumsuta mzazi kwa hofu yake. Lakini nasema kwa dhamiri safi kwamba sisi wa Ijara, Fafi, Lagdera na Balambala tukiwapeleka wanetu wote hodari Nairobi na Eldoret, tukakiachia chuo cha nyumbani wale tu waliokosa pengine, tutakuwa tumesaidia kukidhoofisha kwa mikono yetu. Na katika suala la mpira kuna jambo zaidi. Siku ile wauaji waliwatenga wanafunzi kwa dini zao. Timu ya kandanda haiwezi kupangwa kwa namna hiyo. Kijana wa Ijara anayecheza kiungo atampa pasi kijana wa Busia au wa Kitui kwa kuwa ndiye aliye wazi, watasafiri katika basi moja kwenda kukutana na vyuo vingine, watalala chumba kimoja ugenini, na mmoja atamsubiri mwenzake amalize sala. Sijui darasa lolote la uraia linalofundisha jambo hilo vizuri kuliko msimu mzima wa mashindano ya vyuo vikuu.

Ziko faida nyingine za ukaribu ambazo mzazi wa mji mkubwa hazihesabu. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena yale ya mwaka uliofuata, yalipoikata barabara baina ya Garissa na Madogo, wanafunzi wetu waliokuwa ng'ambo ya mto walikwama huko na waliokuwa nyumbani walikwama nyumbani. Kijana aliye Garissa aweza kuja Masalani kwa Idi, na babaye aweza kupanda gari kwenda kumwona akicheza. Na mzee aliyekwisha kumwona mwanawe akivaa jezi ya chuo, mbele ya wahadhiri wake, hawezi tena kusema kwamba mpira ni upuuzi.

Nenda Masalani katika zile siku chache ambazo mlango wa KUCCPS huwa wazi, uingie katika duka lolote la kompyuta, nawe utaona jinsi uamuzi huu mkubwa unavyofanywa. Vijana wamejipanga ukutani wakingoja zamu, mtandao unakuja na kukatika, na mwenye duka, ambaye hakupewa kazi ya kuwa mshauri wa elimu, anaulizwa mambo ambayo mwalimu na mzazi walipaswa kuyajibu miezi sita nyuma. "Adeer, nianze na Nairobi au na Garissa?" Naye, macho yakiwa kwenye kioo na wateja wakimsukuma, hujibu, "Anza na Nairobi, ukikosa uta-revise." Kwa maneno hayo machache miaka minne ya kijana imekwisha kupangwa. Hakuulizwa anapenda kusoma nini. Hakuulizwa kama chuo hicho kinafundisha somo hilo vizuri, wala kama kuna timu itakayompokea, wala nani atamlipia nauli. Jina limeamua.

Nami ningependa swali la kwanza liwe ni la somo, kabla ya uwanja. Hata mpenzi mkubwa wa mpira hana budi kukubali kwamba siku nyingi za maisha ya mwanamume ni zile za baada ya kuvua viatu vya mchezo. Ijara ina mambo yake ambayo yanawangojea wasomi. Hapa ndipo anapoishi hirola, mnyama ambaye kiasili hapatikani popote duniani ila katika eneo hili la mpaka wa Kenya na Somalia, na ambaye jamii ya Ishaqbini imemtengea hifadhi. Na mmoja wa wanaomjua vizuri zaidi mnyama huyo ni mtu wa Garissa, Dkt. Abdullahi Hussein Ali, aliyepata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wyoming nchini Marekani kwa kumchunguza, kisha akarudi kufanya kazi nyumbani. Hapa ndipo homa ya Bonde la Ufa ilipotuua sisi na mifugo yetu baina ya 2006 na 2007, na ndipo ukame wa misimu mitano mfululizo uliomalizika mwaka 2023 ulipoacha mizoga kando ya kila njia. Kijana akisomea mifugo, maji, afya, au ualimu wa sayansi, atakuwa na kazi hapa maisha yake yote. Basi chuo kidogo kisichofundisha anachokitaka hakimfai, hata kiwe na uwanja wa nyasi za Ulaya.

Hapo hapo niseme neno kuhusu wale ambao hawakuifikia C+, kwa sababu wachezaji wetu wengi wamo humo. Stashahada ya chuo cha ufundi mjini Garissa si fedheha. Fundi umeme, fundi wa pampu za maji na mpimaji ardhi wanahitajika katika kaunti hii kuliko wengi wenye digrii wanaozunguka na bahasha, na vyuo vya ufundi navyo vina mashindano yao ya michezo ya kitaifa, ambamo kijana aliyesahauliwa huweza kuonekana.

Hatukulibuni sisi wazo hili la chuo kidogo chenye masomo mazito na mpira wa kweli. Marekani, ambako baadhi ya vyuo vya namna hiyo vina umri wa zaidi ya karne mbili, michezo ya vyuo imegawanywa katika madaraja matatu, na daraja la tatu, lenye vyuo zaidi ya mia nne, lina sharti moja ambalo wazazi wetu wangelipenda mno: ni marufuku kumlipia mwanafunzi karo kwa sababu ya mchezo. Anayecheza huko anacheza kwa kuwa ni mwanafunzi wa chuo. Kijana asiye na mali akisikia hivyo hudhani kwamba mlango umefungwa, kumbe mlango uko upande mwingine, kwani vyuo vingi vya daraja hilo hutoa msaada kwa kupima haja ya familia, na vichache, kama Amherst kilichoko Massachusetts na Bowdoin kilichoko Maine, havitazami kabisa uwezo wa baba wakati wa kumkubali mwombaji, hata akiwa mgeni kutoka nje ya nchi, kisha huahidi kuufidia upungufu wote wa karo uliothibitishwa. Vyuo hivi vina wanafunzi wapatao elfu mbili tu kila kimoja, na timu ya Amherst ilitwaa ubingwa wa daraja lake mwaka 2015. Ni vigumu kuingia. Takriban tisa katika kila waombaji kumi hukataliwa, na visa nayo ina mashaka yake. Lakini kocha wa chuo hicho akiandikiwa barua na kijana mwenye alama za juu, akaletewa na picha za video za mechi zake, ana haki ya kumtaja kwa wanaochagua, na katika ushindani wa namna hiyo neno moja la kocha si dogo.

Watu wetu wamekwisha kufika karibu na milango hiyo. Katika mji wa Lewiston, jimbo hilo hilo la Maine, Wasomali walianza kuhamia mwaka 2001, na wengi wao walikuwa wamepitia kambi za Dadaab, ambazo ziko katika kaunti yetu hii ya Garissa. Watoto wao walicheza mpira vumbini Dadaab kabla ya kucheza kwenye theluji, na Novemba 2015 timu ya sekondari ya Lewiston, chini ya kocha Mike McGraw, wengi wa wachezaji wake wakiwa ni watoto hao, iliishinda Scarborough bao moja kwa bila na kutwaa ubingwa wa jimbo. Mjini humo humo kiko Chuo cha Bates, kilichoasisiwa mwaka 1855, nacho ni cha daraja la tatu. Bowdoin iko katika mji jirani. Kipaji kiliondoka Garissa kikavuka bahari kikang'ara. Kilichobadilika ni uwanja, shule, na mtu mzima aliyewasimamia wakaenda mazoezini na darasani kwa pamoja.

Wenzetu wa Bonde la Ufa walilifahamu jambo hili zamani. Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alikwenda kusoma katika chuo kisicho na jina kubwa, Eastern New Mexico, akaendelea Stanford na Oregon, akarudi kuwa kamishna wa michezo na profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004, yeye na mwandishi John Manners walianzisha KenSAP, mpango wa kuwatafuta vijana waliofaulu vizuri, kuwafunza mtihani wa SAT, kuwasaidia kuandika maombi na kuwapeleka katika vyuo bora vya Marekani, na tangu wakati huo vijana wengi wa nyanda za juu wamepita njia hiyo. Naiuliza serikali ya kaunti ya Garissa, nawauliza wabunge wetu na matajiri wetu wa Eastleigh: ni kitu gani kinachotuzuia kuwa na mpango wa aina hiyo kwa ajili ya vijana wa Ijara, Wajir na Mandera? Haudai majengo. Unadai walimu wawili watatu wenye ari, chumba chenye mtandao wa kuaminika, na karo ya mitihani ambayo haifiki bei ya ngamia mmoja.

Mahali penye ombwe la nasaha njema huingia wenye hadaa, na hao tunao. Huja na kadi za mawakala wa wachezaji, huahidi majaribio Uturuki au Qatar, huomba pesa za pasipoti, za visa, za daktari, na mzazi huuza ng'ombe. Vijana wengine hawangoji hata wakala. Hushika njia ya tahriib, yaani uhamiaji wa siri, kuelekea Libya, na nyumba zilizopokea simu kutoka huko zikidaiwa fidia haziko chache katika jamii zetu. Wakala wa kweli hamwombi mchezaji fedha, na chuo cha kweli hakimwiti mtu kwa ujumbe wa WhatsApp pekee. Mzazi akiyashika mawili hayo atajiepusha na msiba mkubwa.

Liko pia badiliko ambalo halijaingia vizuri katika mazungumzo yetu. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umekwisha kufika sekondari ya juu, na tangu Januari 2026 wanafunzi wa gredi ya 10 wanagawanywa katika njia tatu, mojawapo ikiwa ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Kwa maandishi, serikali imekubali kwamba michezo ni elimu. Kwa vitendo, shule isiyo na uwanja wala mwalimu aliyehitimu haiwezi kuifundisha njia hiyo, na viwanja vyetu vingi vingali ni eneo la vumbi lenye magoli ya miti ya mathenge, ambalo mvua ikinyesha hugeuka tope zito lisilopitika kwa wiki nzima. Tukinyamaza, njia hiyo itabaki kuwa ya watoto wa Nairobi na Kakamega, na wanetu wataambiwa kwamba hawakuichagua.

Kwa hiyo ninachoomba kabla ya mlango wa KUCCPS kufungwa mwaka huu ni kidogo na kinawezekana. Mzazi mwenye kijana wa namna niliyoieleza apande naye gari mpaka Garissa siku ya kazi, wasiishie langoni. Wamwombe mkuu wa idara ya somo analolitaka kijana awaonyeshe maabara, awaambie darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi na wangapi humaliza kwa wakati. Kisha wamtafute msimamizi wa michezo, wamuulize timu ilicheza mechi ngapi msimu uliopita, mazoezi ni saa ngapi, na kipindi cha darasa kikigongana na safari ya mechi ni kipi kinachoachwa. Wakae uwanjani jioni hiyo mpaka mazoezi yaishe, wawaulize wachezaji wenyewe wakiwa peke yao. Na kamati za basari, ile ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ya Ijara na ile ya kaunti, zinapogawa fedha zao, ziangalie pia orodha ya manahodha na wachezaji wa timu za shule waliofikia C+, wasije wakakosa nafasi kwa ajili ya karo ya muhula mmoja.